Furu wa Kijivu

Nilianza kwa kukosea. Niliwatazama samaki wanane waliokuwa ndani ya tangi la kioo sebuleni kwangu, hapa Kamunyonge, nikaamua kwamba jike ni mmoja tu na madume ni saba.

Sababu zangu niliziona nzuri. Yule mmoja alikuwa amejipamba: mgongo mwekundu, ubavu wa manjano, na mistari myeusi kama ya kanga mpya. Na alikuwa na nyumba. Ilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika, kimelazwa juu ya mchanga, na hakuna aliyepita mlangoni pake bila kufukuzwa. Wale saba walikuwa wa kijivu, hawana kwao, wanazunguka tangi kutwa nzima kama watu waliokosa kazi. Kwetu Wakurya nyumba ni ya mwanamke. Mwanaume ana mji, lakini kila mke ana nyumba yake, na mwanaume ndiye anayetoka nyumba hii kwenda ile. Basi yule mwenye nyumba na mapambo nikamwita mama, na wazururaji nikawaita wanaume.

Samaki hawakuwa wangu. Walikuwa wa Matrida, mkamwana wangu. Nasema mkamwana ingawa sina mtoto wa kiume. Mume wangu Machage alifariki akiniacha na mabinti watatu, wote wameolewa mbali, na wajukuu wangu nawasikia zaidi kwenye simu kuliko ninavyowaona. Wazee wa Butiama, kwa mume wangu, walisema nyumba yangu isizimike, nikaoa. Huko kwetu tunaita nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa msichana, naye msichana huzaa watoto wa nyumba ile. Kanisani hawakupenda, na kwa muda mrefu sikukaribia meza ya Bwana. Matrida alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na tisa. Alizaa mtoto mmoja, Abraham, akafa kwa malaria akiwa na miaka mitatu. Hakuzaa tena. Tukahamia mjini Musoma, na kwa miaka kumi na saba tukakaa wawili tu, tukiuza vitenge sokoni na kurudi jioni kupika.

Tangi alilinunua mwaka jana kwenye hoteli moja iliyofunga milango. Samaki wenyewe alipewa na mvuvi wa Murangi, furu wadogo wa kwenye miamba, wote wa kijivu, wadogo kama kidole. Mwezi uliofuata mama mzazi wa Matrida aliugua kule Nyasura, Bunda, naye akaenda kumuuguza. Mwezi wa kwanza mama yake akafariki. Nilikwenda kuzika. Matanga yalipoisha Matrida alisema, "Mama, nitakaa kidogo." Nikarudi peke yangu.

Ilikuwa sasa mwezi wa nne. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa, na neno la kwanza lilikuwa lile lile.

"Mama, samaki hawajambo?"

"Hawajambo," nilimwambia Jumapili hiyo, nikijivuna kidogo. "Wamekua, na nimeshawajua. Jike ni mmoja. Madume saba."

"Saba?"

"Saba. Nimewahesabu."

"Basi hapo hakuna kitu, mama. Madume saba kwenye tangi moja watauana, na huyo jike watammaliza. Warudishe ziwani tu, au mpe mtu mwenye hoteli. Nilikuwaga nawaza nije nichukue nusu, niwafuge huku. Ila kama ni hivyo sina haja ya kukusumbua."

"Huko una tangi?"

"Onesmo amenitengenezea. Fundi vioo, yule wa jirani na marehemu mama."

Nilimkumbuka Onesmo. Siku ya mazishi mvua ilinyesha, na watu walikimbilia chini ya turubai. Yeye alibaki nje akiwabebea vikongwe viti, mmoja mmoja, na maji ya kunawa aliyaleta kwetu wanawake kwanza kabla ya wazee wa kiume. Nilimpenda siku hiyo bila kujua atakuja kuwa nani kwangu.

Simu ilipokatika nilibaki nimekaa. Mwanaume hamtengenezei mwanamke tangi la kioo kwa ujirani tu. Nilijua mkamwana wangu anaondoka. Kilichokuwa kimebaki kati yetu ni hawa samaki, na mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba hawafai kufuatwa.

Sikuwarudisha ziwani. Asubuhi niliwapondea dagaa, nikainyunyiza kidogo kidogo kama alivyonifundisha. Umeme ulipokatika na pampu ya hewa ikanyamaza, nilikaa na jagi, nachota maji na kuyamimina kutoka juu yapate hewa, nachota na kumimina, kwa muda wa saa mbili. Mkono uliuma, lakini ilikuwa kazi, na nyumba yenye mtu mmoja ina uhaba wa kazi.

Wiki hiyo mmoja wa wale wa kijivu aliacha kula. Dagaa ilipita mbele ya uso wake, naye akaiangalia tu. Koo lilikuwa limevimba, mdomo haufumbi vizuri, na alikuwa akitafunatafuna mahali pasipo na kitu. Siku ya nne nilivaa viatu nikaenda Makoko kwa mzee Leodgar.

Leodgar alikuwa bwana samaki wa serikali mpaka alipostaafu. Ni Mjita, mjane kama mimi, na tunasali jumuiya moja. Hakuniuliza samaki ni wa nini kwa mwanamke wa umri wangu. Alichukua miwani yake ya kusomea, akafunga mlango, akaja.

Alipiga magoti mbele ya tangi kwa shida, akamtazama mgonjwa wangu kwa muda mrefu.

"Amekuwa hivi siku ngapi?"

"Ya nne leo. Amemeza nini, au ni uvimbe?"

"Hajameza, dada Wankyo. Anakataa kumeza. Ana mayai mdomoni."

Nilimwangalia nione kama ananitania.

"Furu anataga, halafu anayaokota mayai yake yote anayaweka mdomoni," alisema. "Anayakalia humo, tuseme. Wiki mbili na zaidi hali kitu. Akifungua mdomo ale, atawala wanawe. Basi anakaa na njaa."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote hizo."

Nilivuta kigoda nikakaa karibu na kioo. Nilikuwa nimemwona huyo samaki siku nne na kumhurumia vibaya.

"Lakini mayai yametoka wapi?" niliuliza. "Huyu ni dume."

"Nani kasema?"

Nikamweleza habari ya nyumba na mapambo. Leodgar alianza kucheka taratibu, akavua miwani, akafuta macho, akaivaa tena.

"Nyie Wakurya mnajua ng'ombe tu."

"Ng'ombe anakugeuzia nyuma, unajua yote. Hana siri."

"Na huyu naye hana, ukijua pa kutazama." Akagusa kioo kwa kucha. "Huyo aliyevaa rangi ndiye dume. Hicho kigae amekichimbia yeye, akawaita majike waje watage hapo. Kwa furu mwanaume ndiye anayejipamba na kukaa nyumbani. Jike anavaa kijivu ili asionekane, maana ana mzigo mdomoni."

"Kwa hiyo mmoja dume, saba majike."

"Kwa rangi, ndiyo. Ila rangi inadanganya. Ngoja tuwasome vizuri. Una kitambaa laini? Na beseni lenye maji ya humo humo ndani."

Nilileta. Kabla hajamgusa samaki hata mmoja alilowesha mikono yake mpaka kwenye vifundo, akasema mkono mkavu unawachubua. Nilipenda vile alivyofanya. Mama mwenye mayai hakumgusa kabisa. Wengine aliwatoa kwa kinyavu mmoja mmoja, akawalaza chali ndani ya kitambaa kilicholowa, akawaleta karibu na miwani, akawarudisha kabla sijahesabu kumi.

"Angalia hapa, karibu na pezi la chini. Usione haya, ni samaki. Kuna matundu mawili, la haja na la uzazi. Jike, hilo la uzazi ni kubwa, la mviringo, maana yai litapita. Dume, yote mawili ni madogo na yanafanana. Rangi inabadilika, tundu halibadiliki."

Nilitazama. Kwa yule wa kwanza sikuona kitu. Kwa wa tatu niliona. Wa tano nilimwambia mimi kabla hajaniambia, "Jike," naye akaitikia kwa kichwa, kwa furaha kama mwalimu.

Wa mwisho ilikuwa shida kumpata. Alikuwa amejibanza nyuma ya pampu, mkia umechanika, magamba yametoka ubavuni. Leodgar alimgeuza, akaniletea.

"Huyu?"

Matundu yalikuwa mawili, madogo, sawasawa. Na kwenye pezi la chini palikuwa na madoa mawili ya manjano, hafifu, kama chai iliyodondoka kwenye nguo na kufuliwa.

"Dume," nilisema.

"Dume. Amejificha. Akiona kuna mkubwa mwenye eneo, anavua rangi yake anavaa ya kike, asipigwe. Na bado anapigwa, maana mkubwa anamjua." Akamrudisha majini polepole. "Humu ndani hatamaliza miezi miwili. Ila ukimhamisha, ukamweka na majike mahali pasipo na huyu bwana, wiki mbili tu atavaa nguo zake."

Nilimpikia Leodgar uji wa ulezi. Alipoondoka aliniambia mama mwenye mayai asisumbuliwe, na jioni alimtuma mtu aniletee neti ndogo ya kutengea watoto watakapotoka.

Sikungoja Jumapili. Nilimpigia Matrida jioni ile ile, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Nilikosea," nikamwambia. "Dume ni yule mwenye rangi. Na mmoja ana mayai mdomoni."

Alipiga kelele ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabla ya mazishi. "Mama, ana mayai? Kweli? Na wale wengine ni majike wote?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema.

"Majike," nilisema.

"Basi nitakuja Jumamosi. Nichukue majike wanne, wewe nikuachie dume na watatu, akiwemo huyo mwenye mayai. Dume ni mmoja, siwezi kukunyang'anya. Watoto wakikua tutaona madume. Krismasi nitakuja kuchukua mmoja."

Krismasi nitakuja. Nilirudia maneno hayo nikiosha vyombo. Nina miaka sabini na mbili na nilikuwa nimemdanganya mtu kwa ajili ya samaki wa kidole na nusu. Lakini nilihesabu: Jumamosi angekuja, na Krismasi angekuja. Bila uongo ule angekuja Jumamosi tu, achukue dume na majike wake, na kule Nyasura asipungukiwe na chochote cha kumrudisha Musoma.

Alhamisi akaja shemeji yangu Stanislausi kutoka Butiama, na kofia yake na fimbo yake. Alikuwa amesikia. Habari za mwanamke husafiri haraka kuliko gari la Bunda.

"Shemeji," alisema kabla chai haijapoa, "wewe ndiye uliyeoa. Mume gani anakaa nyumbani analisha samaki, mke wake yuko Bunda na fundi vioo?"

"Mume mwenye magoti mabovu."

Hakucheka. "Ng'ombe walitoka kwetu. Sema neno moja tu, wazee watakwenda Nyasura kesho, watamrudisha. Akikataa, ndugu zake watajibu."

"Ana miaka arobaini na moja, Stanislausi. Mtamfunga kamba?"

"Wewe unataka kubaki peke yako?"

Alikuwa ameuliza sawasawa. Alikunywa chai, akainama akatazama tangi. Yule dume mwenye rangi alikuwa amemkimbiza wa kijivu mpaka kwenye kona, anamgonga ubavuni, anarudi nyuma, anamgonga tena.

"Huyo jike kafanya nini?" aliuliza shemeji.

"Yupo tu," nilisema.

"Mtoe basi. Watu wa mjini mnatazama mateso mkinywa chai." Alisimama, akatengeneza kofia. "Nakupa mpaka Jumapili. Ukinyamaza nitajua umekubali wazee waende."

Usidhani ni mtu mbaya. Alipofika mlangoni aliona bawaba imelegea, akatoa kisu chake mfukoni akaikaza skrubu bila kusema kitu, ndipo akaenda.

Jumamosi Matrida alifika saa nne asubuhi na ndoo ya rangi ya lita ishirini, imeoshwa vizuri, mfuniko umetobolewa matundu madogo yaliyopangwa kwa mistari. Hiyo haikuwa kazi ya Matrida. Alinisalimu kwa kuinama kama siku ya kwanza alipokuja kwangu, kisha bila kuombwa akaingia jikoni, akasugua sufuria niliyoiacha na ukoko, akabadilisha maji ya mtungi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa ameniletea dawa ya kuchua magoti.

"Inanuka, ila inasaidiaga," alisema. "Jipake ukilala."

"Nani atanipaka mgongoni?"

"Mgongo nao?"

"Mgongo umesikia magoti yanapewa dawa, na wenyewe unataka."

Akacheka. Kisha tukakaa mbele ya tangi, na ikawa kama zamani, isipokuwa kila mmoja alikuwa na jambo ambalo hakulisema. Nilimwonyesha mama mwenye mayai. Ilikuwa siku yake ya kumi na moja bila kula. Alikuwa amekonda, kichwa kikubwa, mwili kama jani, na ukimtazama sana uliona ndani ya koo vijidoa vyeusi, macho ya watoto.

"Hali kabisa?" Matrida aliuliza.

"Kabisa."

Aliweka kidole kwenye kioo akakiondoa.

Tulijaza ndoo maji ya tangi. Akawatoa majike wanne kwa kinyavu, kwa ustadi, na kila alipomkamata mmoja niliangalia haraka mahali nilipofundishwa kuangalia. Wote walikuwa majike kweli. Halafu kinyavu kikapita nyuma ya pampu, na yule wa kijivu mwenye mkia uliochanika akatoka amelala upande, akijitahidi.

"Huyu mbona amechakaa hivi?"

"Anapigwa," nilisema.

"Maskini. Njiani atakufa, tumwache." Akafunika ndoo.

Nilikwenda jikoni kumfungia viazi vya njiani. Mikono yangu ilichelewa. Nilijiambia kwamba sikufanya kitu, yeye mwenyewe ndiye aliyesema aachwe, na kwamba Krismasi si mbali. Niliporudi na kifurushi hakuwa sebuleni. Alikuwa chumbani kwake kwa zamani, amesimama mbele ya picha ya Abraham. Ni picha moja tu tuliyo nayo. Ilipigwa studio hapa mjini, mtoto ameshika ua la plastiki, amenuna. Matrida alikuwa ameishusha ukutani, ameibana kifuani kwa mikono yote miwili.

Nilisema moyoni, anaichukua. Ni haki yake. Yeye ndiye aliyemzaa.

Hakuniona. Alipangusa kioo kwa ncha ya kitenge, akaibusu, akairudisha kwenye msumari. Akainyoosha ikae sawa. Akarudi nyuma hatua mbili aone kama imepinda, akainyoosha tena. Kisha akatoka, na mimi nikajifanya ndiyo kwanza natoka jikoni.

"Picha ya mtoto hutaki kwenda nayo?" niliuliza.

"Ikae kwako, mama. Wewe uko peke yako."

Aliinama kuinua ndoo.

"Weka chini," nilimwambia.

Nilichukua kinyavu. Mikono yangu si myepesi kama yake, nilimkosa mara tatu, na maji yalimwagika hadi kwenye kapeti. Mara ya nne alikuja mwenyewe, hana nguvu ya kukimbia. Nililowesha mkono nikamshika, akapumua ndani ya kiganja changu, nikafungua ndoo nikamwachia humo.

"Mama, huyo atakufa."

"Hapa ndipo atakapokufa. Mchukue. Mpe wiki mbili."

"Halafu?"

"Halafu utaona mwenyewe."

Alinitazama. Sikumwambia zaidi, maana nilijua angemtoa na kuniachia, ili abaki na sababu ya kurudi Krismasi. Nikamwambia jambo lingine badala yake.

"Stanislausi alikuja."

Uso wake ulibadilika. Akakaa kwenye mkono wa kochi, ndoo katikati ya miguu.

"Wazee hawatakuja Nyasura," nilisema. "Mimi ndiye niliyeoa, na mimi ndiye nitakayesema. Kesho nitampigia. Onesmo aende kwa kaka zako mchana, kwa mlango wa mbele, bila woga."

Machozi yalimtoka Matrida bila sauti, akayafuta kwa upande wa kiganja, akasema, "Alitaka kuja kukusalimia. Mimi nilimkataza. Niliogopa utaniangalia vibaya."

"Nilimwona siku ya mazishi. Nilishamtazama vizuri tangu siku ile."

Nilimsindikiza mpaka Bweri, stendi. Alikaa dirishani na ndoo mapajani, ameizungushia mikono. Gari lilipoanza kuondoka hakunipungia, kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Alinitazama tu mpaka gari lilipopinda.

Niliporudi nyumbani, dume mkubwa alizunguka nyuma ya pampu. Akatazama. Akaenda kona ya pili, akarudi tena nyuma ya pampu. Alifanya hivyo jioni yote.

Jumapili nilimpigia Stanislausi. Alisema nimezeeka vibaya. Nikamwambia bawaba yake bado imekaza, na ahsante.

Jumapili hiyo Matrida hakupiga, wala iliyofuata. Mama mwenye mayai alitema watoto wake siku ya kumi na tisa; walikuwa kumi na saba, kila mmoja kama punje ya ulezi yenye macho, kisha akala dagaa mpaka nikaogopa atapasuka. Nilimwita Leodgar aje aone. Sikumpigia Matrida. Nilitaka sana, mara mbili nilishika simu, lakini nilijua ningepiga kwa ajili ya kumvuta kwa watoto wa samaki, na kazi ya kuvuta nilikuwa nimeiacha.

Simu ililia Jumatano mchana, wakati nakunja vitenge.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Yule wa kijivu." Nyuma yake nilisikia chombo kinachokata kioo, mlio mrefu mwembamba. "Mgongo wake umekuwa mwekundu. Ana mistari. Amechimba shimo chini ya jiwe, anawachezea majike."

"Mkia umepona?"

"Umeota. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Mzee Leodgar alinionyesha kabla hujaja."

"Siku ile uliposema wote ni majike, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo. Nilikudanganya. Nisamehe."

Chombo kule kikazimwa. Nilisikia mtu akiuliza kitu kwa mbali, na Matrida akijibu, "Ni mama."

"Sasa Krismasi sina cha kufuata huko," alisema. Alitaka iwe utani lakini sauti yake haikufika.

"Huna," nilimwambia. "Dume unaye, majike unao. Hapa hujaacha kitu."

Nje mwuza maandazi alipita akitangaza, akafifia.

"Nikija bila kufuata kitu?" aliuliza.

"Mlango unaujua."

"Nitakuja, mama."

Sikumwuliza lini.